Mkono Begani mwa Mzee Sikio

Saa tatu asubuhi ukumbi wa muziki ungali mtupu, na Mzee Sikio ameikumbatia besi kubwa kama anayemsaidia mgonjwa kusimama. Ala hiyo ina umbo la fidla, ila inampita urefu kwa kichwa kizima. Ameegemeza taya kwenye ubao wake, amefumba macho, anapiga uzi mnene kwa kidole kimoja.

Nyuma yake yupo mkewe, mshona sare za shule, mkono mmoja begani mwa mumewe. Hajawahi kupiga ala yoyote maishani mwake.

Jina la Sikio alibandikwa na wanamuziki miaka thelathini na minne iliyopita, enzi alipoweza kukaa nje ya mlango na kutaja uzi uliolegea. Leo ana miaka sitini na mmoja. Sikio la kulia lilikufa miaka miwili iliyopita. La kushoto, daktari amemwambia asilitegemee kufika mwisho wa mwaka.

"Nilificha," anasema. "Fundi wa kulinganisha sauti za ala akiwa kiziwi, nani atampa kazi? Nikaanza kusikia kwa taya."

Taya ilimbeba kwa muda. Uzi ukipigwa kwa kidole, mtetemo hupanda kwenye ubao hadi mifupa ya uso, naye anaujua kila mmoja kama anavyowajua wanawe. Lakini besi hiyo hupigwa pia kwa uta, kijiti chenye nywele za farasi kinachoburutwa juu ya nyuzi, na hapo ndipo mambo yalipomwendea kombo.

"Kidole kinagusa, kinaondoka, uzi unabaki unaongea peke yake," anaeleza. "Uta hauondoki. Unakwaruza, unatikisa ubao mzima. Mimi napata kelele tu kwenye meno."

Tena uzi uliopigwa kwa kidole huanza kwa sauti ya juu kidogo kabla ya kutulia, wakati uta huishikilia chini tangu mwanzo. Fundi mwenye masikio husikiliza vyote viwili, akatafuta pa katikati. Mzee Sikio alikuwa akisikiliza kimoja, akiomba Mungu.

Mwezi uliopita, mbele ya watu mia mbili, yakamfika. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa vidole, ukaenda vizuri. Wa pili mpigaji besi alishika uta, na uzi mnene ukalia chini ya sauti iliyotakiwa, ukapishana na ala nyingine zote. Kiongozi wa bendi akasimamisha muziki. Watu wakacheka.

"Nilisema unyevu ndio umelegeza uzi," anakumbuka mpigaji huyo, msichana wa rika la binti wa fundi, aliyepitia ukumbini mara moja. "Ningesema nini? Yeye ndiye aliyenifundisha kuishika hii besi." Anamgeukia mzee, anasema polepole ili asomeke midomo. "Ila baba, mara ya pili sina uongo mwingine."

Mzee anaitikia kwa kichwa. Usiku ule wa kuchekwa alimweleza mkewe kila kitu.

"Mwaka mzima namwita chakula kimeiva, hageuki," mkewe anasema. "Nilidhani ni kiburi cha uzee. Nilimnunia bure mtoto wa watu."

Sasa wamejitungia njia yao. Fundi anagusa nyuzi mbili mahali zinapopaswa kutoa sauti moja, kisha anaziburutia uta kwa pamoja. Zisipokubaliana, sauti huyumbayumba, na mke hubonyeza bega. Zikikubaliana sauti hutulia, naye huondoa mkono.

"Jana tulirudia mara arobaini," mke anasema. "Siku nyingine hata sijui ninachosikia."

Jumamosi bendi inapiga tena, na wimbo wa kwanza ni wa uta. Akivuka hapo, Mzee Sikio amepanga kumweleza kiongozi ukweli, amwombe wafanye kazi wawili, yeye na mkewe.

Anaburuta uta. Mkono unabonyeza. Anazungusha kigingi cha kukazia uzi, anaburuta tena. Sauti bado inayumba, kwa mbali, lakini inayumba. Mke anamtazama kisogo kwa muda mrefu, kisha anaondoa mkono.

Mzee anashusha uta na kutabasamu. Mkewe anapotoka kumletea maji ya kunywa, tabasamu linakwisha.

"Ananipenda mno huyu mwanamke," anasema. "Ndiyo maana siuamini mkono wake. Jumamosi nitakaa kiti cha mbele, nimtazame yule binti wa besi usoni akianza. Naye nitamwomba asinionee huruma."