Mboga ya Chini ya Kamba za Nguo

Dobi alikuwa mwepesi wa kucheka, ila siku ile alinuna mpaka pasi ikapoa mkononi mwake. Mumewe, aliyestaafu udereva juma lililopita, hakulijua kosa lake. Maskini, mtu aliyezoea usukani akikaa bure mikono humwasha. Asubuhi alikuwa amechukua jembe, akalikatakata gugu lote lililotambaa uani chini ya kamba za nguo, akalitupa jaani. Alitarajia sifa.

Jioni alikuta wali mtupu mezani.

"Mama watoto, mboga iko wapi?"

"Kaichukue ulikoitupa."

Ndipo lilipomwingia akilini. Miaka thelathini amekula majani yale laini akilamba vidole, asiulize hata siku moja yanachumwa wapi!

Akatoka mbio hadi jaani, akaokota vipande vilivyonyauka, akavifukia kimoja kimoja na kuvimwagia maji ya kusuuzia nguo. Hakujua kwamba mmea ule haubembelezwi. Kila kifundo cha shina kikigusa udongo hutoa mizizi. Baada ya mwezi ua wote ulikuwa kijani, hapana pa kukanyaga. Dobi akawa anaanika nguo akinyata kama mwizi.

"Sasa yote haya nani atayachuma?" mzee akauliza, mikono kiunoni.

Dobi akacheka kile kicheko chake cha siku zote, akamtwika kapu.

"Kwani wewe ulidhani umestaafu peke yako?"