Ida Mlowe na Maneno Manne Ukutani Makambako

Saa nane mchana. Nje, Makambako ina jua kali na upepo wa kukata masikio. Ndani ya darasa hili ni giza. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi ambayo wanafunzi wameyavua mabegani mwao wenyewe. Watu sitini wanatetemeka kwa baridi na hakuna anayelalamika.

Mezani, Ida Mlowe anapiga pampu karabai iliyofungiwa ndani ya sanduku la bati. Anachomeka kipande cha kioo chenye maandishi, anasogeza lenzi mbele kidogo, anairudisha nyuma. Ukutani yanatokea maneno manne meusi.

"Kamwene!" anawasalimu kwa Kibena, na darasa linaitikia kwa kishindo.

Leo si siku ya mzaha. Bwana Alfonsi, mkaguzi wa kisomo cha watu wazima, amekuja kutoka Njombe akiwa na daftari lake. Mwanzoni mwa mwaka jana aliandika kwamba taa ya Ida haifai kwa darasa kubwa. Kama walioketi nyuma watashindwa kusoma leo, darasa litapunguzwa hadi watu ishirini, wale wa mbele tu.

Ida ni mjane wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Yakobi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfulia nguo muuguzi wa misheni aliyemiliki taa hii. Mwaka 1951 muuguzi akafunga safari ya kurudi kwao. Akatafuta mtu wa kumwachia taa, na aliyeijua alikuwa dobi wake peke yake.

"Alinituma nipanguse vioo, hakuniambia nifumbe macho," anasema Ida na kucheka mpaka kilemba kinalegea. Sasa anapata shilingi thelathini kwa mwezi. Watoto wake wanne wanakula na wanasoma. "Namshukuru Mungu. Kazi ninaipenda, jamani, siwezi kudanganya."

Kazi yenyewe inaonekana nyepesi mpaka uijaribu. Mwandishi wa habari hii aliijaribu, akaungua kidole. Ukiisogeza taa mbali na ukuta, maneno yanakua lakini yanafifia. Ukipanua tundu la lenzi, mwanga unajaa, ila kingo za herufi zinavimba hata huwezi kutofautisha "e" na "o". Ida alikata bati, akatoboa tundu la upana wa senti kumi, akaliweka mbele ya lenzi. Herufi zikanyooka vizuri kabisa, na ukuta ukaingia giza.

"Mwanga ni kama unga," anaeleza. "Kibaba ni kile kile. Ukitaka ugali mkubwa, utatia maji mengi upate uji. Lazima uchague."

Mwandishi aliuliza kwa nini wa nyuma wasisogezwe mbele. Alichekwa na darasa zima. Viti vya mbele ni vya wazee, na nyuma wameketi wake wa watoto wao. Mke hawezi kumpa baba mkwe mgongo, hata kwa ajili ya shule. Na wote wamekuja kwa sababu moja: vijana wao wako kwenye mashamba ya mkonge, na barua zinazokuja husomwa na majirani, ambao hawana siri.

Mwaka jana Ida alidhani amepata dawa. Alitundika shuka lililoloweshwa maji katikati ya chumba, wazee upande huu, wakwe upande ule. Picha ikapenya, kila mtu akaona kwa karibu. Wiki mbili walisoma kwa raha. Kisha Priska Mgaya, mwenye miaka ishirini na miwili, akafungua barua ya mumewe.

"Nikasema, masikini, kumbe mume wangu hajui kuandika!" anasimulia Priska. Upande wao wa shuka herufi zote zilikuwa zimegeuka kinyume, na hivyo ndivyo walivyozikariri.

Ida alilia siku hiyo. Kesho yake alipaka ukuta chokaa, akaomba mablanketi ya madirishani, akalirudisha lile bati lenye tundu. Na vioo vyake, vilivyokuwa na maneno ishirini kila kimoja, akaviandika upya kwa maneno manne makubwa. Afadhali manne yanayosomeka kuliko ishirini ya kukisia.

Sasa Bwana Alfonsi anaomba kioo kitupu, asije akadanganywa na maneno yaliyokaririwa. Yeye si mwenyeji wa huku. Anamuuliza jina mzee wa mbele kabisa, anaandika kwa wino, anampa Ida, kisha anakwenda kuketi nyuma. Ukutani panatokea: *Ezekia ana ng'ombe watatu*.

"Wewe mama, soma."

Priska anasimama. Ida anaishika lenzi. Anaisogeza kidogo, anairudisha.

"Baba ana ng'ombe watatu," anasema Priska hatimaye, macho chini.

"Umekisia," anasema mkaguzi, na kalamu inagusa daftari. "Neno la kwanza si hilo."

Ida anafungua mdomo, lakini mzee Ezekia anamtangulia. Anazungumza akitazama ukuta, bila kugeuka.

"Bwana, Ezekia ni mimi, na huyo ni mke wa mwanangu. Kwetu hawezi kulitaja jina langu hata nyumba ikiungua. Kama hajui kusoma, amejuaje kwamba hapo pana jina la kunyamazia?"

Darasa linalipuka kwa kicheko na vigelegele. Bwana Alfonsi anatazama ukuta, anamtazama Priska, kisha naye anacheka. Anakata alichokwisha kuandika, na juu yake anaandika: sitini.

Baada ya mavuno, Ida anakusudia kuipeleka taa Kifanya, ambako akina mama wamemwita mara mbili. Je, Makambako itabaki gizani?

Ida anazima karabai na kuvuta blanketi dirishani. Mwanga unaingia. Priska amekwisha kukaa chini ya dirisha hilo na barua yake, midomo ikichezacheza.

"Hapa nimemaliza," anasema Ida kwa sauti ya chini, asimsumbue. "Mwone. Yule anasoma kwa jua."