Uvimbe wa Mama Breki Uliopotea

Mama Breki alipata jina hilo kwa kufundisha udereva miaka kumi na minane, na si mtu wa kubabaika ovyo. Lakini siku daktari mpasuaji alipomwambia kwamba uvimbe wa titi lake hauonekani tena, hakujua ashukuru au aombe radhi.

Miezi sita nyuma uliweza kushikika kwa vidole viwili. Dawa za kemo zikamnyonyoa nywele, zikakifanya kila chakula kiwe na ladha ya misumari, lakini uvimbe nao zikauyeyusha. Nyumbani walishangilia. Sasa daktari alikuwa akieleza kuwa upasuaji uko palepale, maana huenda chembe za saratani zimebaki. Akijua hasa mahali uvimbe ulipokuwa, atakata kidogo tu na titi litasalimika.

"Kwa hiyo mnatafuta kitu kilichopotea," wifi yake akauliza, "ili mkikipata mkitupe?"

"Ndiyo, dada," daktari akajibu, wala hakutabasamu.

Hapo mume wa Mama Breki akatoa mfukoni ramani aliyoichora mwenyewe tangu mwanzo: titi, uvimbe, na mshale wa kuonyesha kaskazini. Daktari akaitazama kwa heshima zote, akaikunja, akamrudishia. Alama walikuwa nayo tayari. Kabla ya kemo walipachika katikati ya uvimbe kipini cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchele.

Kipini nacho kikagoma kuonekana kwenye ultrasaundi. Wataalamu wanne walikiinamia kifua cha Mama Breki kwa nusu saa, naye akajikuta akiwapa pole kama mwenye nyumba aliyepoteza funguo wageni wakiwa mlangoni. Eksirei ya matiti ndiyo iliyokinasa.

Asubuhi ya upasuaji walimpiga ganzi, wakapenyeza waya mwembamba hadi kwenye kipini na kuiacha ncha nje. Ili waya usiguswe, muuguzi akaufunika kwa kikombe cha karatasi, kile cha chai, akakibana kwa plasta. Mama Breki akapelekwa chumba cha upasuaji kwa miguu, gauni la hospitali limechomoza upande mmoja. Kwenye korido akakutana uso kwa uso na mwanafunzi wake, mhasibu aliyefeli mtihani wa udereva mara nne.

Mhasibu akamwamkia. Macho yake yakashuka, yakapanda, yakakosa pa kwenda. Mwishowe akauliza: kwenye mzunguko wa barabara, nani anapita kwanza?

"Aliyekwisha kuingia," Mama Breki akasema. "Wewe subiri."

Akapita na kikombe chake.

Nyama iliyokatwa ilipigwa eksirei papo hapo: kipini kimo. Baada ya wiki mbili majibu yakatoka. Hata chembe moja ya saratani haikuonekana. Wifi akanung'unika kwamba basi kumbe wamekata bure. Daktari akamwambia kwa upole kwamba bila kukata wasingejua.

Mama Breki hakuwasikia. Alikuwa ameketi kwenye benchi, titi lake lipo, akilia kwa sauti mbele za watu, mumewe akimpepea kwa bahasha ya majibu.