Samaki Mmoja wa Matabishi

Habari za msiba wake nilizipata sokoni Kikula, nikiwa nimeinama kuchagua vitunguu. Mwuzaji aliniambia bila kunitazama kwamba yule mama wa kilo alizikwa jana. Jina hakulitaja, nami sikuliuliza, kwa kuwa mji mzima wa Likasi ulimjua kwa hilo moja tu. Nililipa vitunguu vyangu, nikaongeza hatua mpaka nyumbani kwake, ambako kilio kilikuwa kikiendelea chini ya turubai. Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa kuingia kwake bila kubisha. Nilikuwa mteja, tena mteja mbishi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi si mtu wa kulia ovyo, na siku ile pia sikulia. Lakini nilipoona kwamba binti yake ameiweka ile mizani ya zamani juu ya meza, pembeni mwa picha ya marehemu, imesuguliwa mpaka inang'aa, nilishikwa na huzuni kubwa kuliko niliyokuwa nimejiandaa nayo.

Nilimfahamu katika miaka ya chama kimoja, wakati kampuni ya serikali ndiyo iliyokuwa baba na mama wa mji huu: ilitupa kazi, nyumba, unga, hospitali, na king'ora cha kutuamsha. Mumewe alikuwa mtu wa kiwandani. Aliugua, akafa, na mjane akapewa hesabu ya mwisho ya utumishi wa marehemu pamoja na taarifa kwamba nyumba inahitajika kwa mfanyakazi mwingine. Wajane wengi wa wakati ule walinunua magunia ya mahindi, au waligawana fedha na wakwe mpaka zikaisha. Yeye alikwenda kwa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akiuza vitu vyake apate kuondoka nchini, akanunua mizani: ile ya sahani ya bati juu na uso wa saa mbele, wenye mshale mmoja mwekundu. Wakwe zake walisema amechanganyikiwa. Fedha za mtu aliyekula moshi wa tanuri maisha yake yote zimekwenda kununua kitu kisicholika.

Alikuwa na mpango. Alipanda lori hadi Kapolowe kuchukua samaki wabichi wa ziwa la Tshangalele, akawauza Kikula kwa kilo, jambo ambalo katika safu ile ya wauza samaki hakuna aliyewahi kulifanya. Wenzake waliuza kwa mafungu. Unaona fungu, unabishana bei, unakubali, halafu unabaki umesimama hapo hapo mkono umenyooshwa, kwa sababu biashara bado haijaisha. Mwuzaji anaguna, anachukua samaki mmoja mdogo, anamtupia juu ya fungu lako. Huyo ndiye matabishi. Neno hilo kwetu hubeba mizigo mingi: ni nyongeza ya sokoni, ni bahashishi ya mtumishi, na ni kile kitu ambacho afisa hukingoja huku akitazama dari. Mama huyu aliamini kwamba mizani itafuta usumbufu wote huo. Bei ni moja, mshale ni mmoja, kila mtu aende zake.

Wateja walikuja kutazama. Waliupenda mshale. Walisogeza watoto wao waone jinsi unavyotikisika na kutulia. Kisha, samaki wakishatiwa katika mfuko, waliuliza swali lile lile.

"Na matabishi, Mama?"

"Kilo haina matabishi. Kilo ni kilo."

Waliwarudisha samaki katika sahani, wakaenda kwa jirani. Mimi mwenyewe niliona mwanamke mmoja akiacha kilo kamili na kununua fungu ambalo, kwa macho yangu yaliyozoea kupima, lilikuwa pungufu waziwazi, pamoja na kale kasamaki ka juu. Aliondoka akiwa na furaha. Siku za joto samaki hawasubiri, na jioni mama wa kilo alikuwa akigawa bure bidhaa iliyoanza kunuka.

Wakati huo nilifanya kazi katika maabara, kupima sampuli za shaba kwa mizani iliyofungwa ndani ya kisanduku cha kioo ili pumzi ya mtu isiisumbue. Sokoni walinijua kama papa wa labo, yaani baba wa maabara. Jumapili moja baada ya misa alinijia nyumbani amebeba mizani yake kichwani, imefunikwa kitenge, akaomba niipime. Nilichukua chupa tupu, nikaiweka juu ya sahani, nikatazama mshale ulipoishia, nikaijaza lita moja ya maji, nikairudisha. Tofauti ilikuwa kilo moja, sawasawa. Nikamwambia kwa fahari kidogo kwamba chombo chake hakina kosa.

"Haidanganye?" aliuliza.

"Haidanganyi hata kidogo."

Niliona kwamba nimemvunja moyo. "Minye nilizania iko na ugonjwa," alisema. "Kama ingekuwa na ugonjwa, ningeitengenesha. Sasa kama iko muzuri, juu ya nini bantu banaikimbia?" Akaweka kiganja juu ya sahani. "Papa, bwana yangu alitumika ku usine ya kampuni mpaka alikufa. Makuta yake, feza yake yote, iko humu. Hii njo bwana yangu. Ikishindwa, niko nabakia na nini?"

Nilimweleza habari ya uzito na springi iliyomo ndani ya chombo, nikamwonyesha skrubu ya nyuma inayorekebisha mshale, kama vile mtu anavyoonyeshwa injini ya gari ambalo limekosa abiria. Alinisikiliza kwa adabu, akaniaga, akabeba mizani yake akaondoka.

Baada ya hapo nilishangaa kuona watu wamejipanga mbele ya meza yake. Nilisogea nikatazama. Sahani ilikuwa tupu, lakini mshale haukuwa kwenye sifuri. Ulikuwa umeipita kidogo, kiasi cha samaki mmoja mdogo. Mama alipima kilo, akatia katika mfuko, akapokea fedha, kisha akaguna vizuri kabisa kama wenzake, akachukua samaki mdogo akamtupia mteja. Mteja akatabasamu. Nilimnong'oneza kwamba mshale wake umesogea. Alinijibu bila kushusha sauti, mbele ya wote.

"Najua, Papa. Weye njo ulinionyesha. Matabishi itatokea wapi? Samaki ya Kapolowe haizalake mu mufuko yangu."

Waliosimama pale walicheka. Wote waliuona ule mshale. Hakuna aliyedanganywa, na jambo hilo ndilo lililonitatiza kwa siku nyingi, maana mafunzo yangu yote yalikuwa ya watu wanaotaka kujua uzito, na hapa nilikuwa mbele ya watu walioujua na wakapendelea kitu kingine.

Biashara ilisimama imara. Alipanga chumba kizuri, watoto wakarudi shule. Ndipo alipotokea mkaguzi wa bei, kijana aliyevaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, amebeba jiwe la kilo ndani ya mfuko wa ngozi. Nilikuwapo kwa bahati, nikisubiri zamu yangu. Aliweka jiwe lake juu ya sahani, na mshale ukaipita kilo.

"Citoyenne," alisema, kama serikali ilivyoagiza kila mwanamke raia aitwe, "balance yako ni ya uongo. Naichukua."

Mama wa kilo aliishika mizani kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Aliivuta kifuani, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba lile neno kuhusu mumewe halikuwa la mapambo. Aliyesema ni mteja, mama mmoja mnene aliyekuwa ametoka tu kulipa.

"Chef, uiache. Shiye tunajua. Anatuibaka, na anaturudishiaka."

"Anawaibia, na mnamtetea?"

"Anaturudishiaka," alirudia yule mama, kama mtu anayemsaidia mwanafunzi mzito. Akauinua mfuko wake, samaki wa kilo na matabishi yake ndani, akaondoa jiwe, akauweka mfuko juu ya sahani. "Angalia mwenyewe."

Mshale ulikwenda, ukatikisika, ukatulia pale pale ulipokuwa umetulia kwa jiwe. Mkaguzi alirudisha jiwe, ukaenda pale pale. Akarudisha mfuko. Sijui shule aliyosomea ilimwandaa kwa mambo gani, lakini si kwa hili: mizani ya uongo na mfuko wa kweli. Aliniona nimesimama, labda akanitambua kwa miwani yangu kuwa mtu wa vitabu, akaniuliza kwa macho. Nikatazama vitunguu vya jirani.

Mwisho alifanya lililoandikwa katika kanuni zake. Alitoa bisibisi, akairudisha skrubu mpaka mshale ukalala juu ya sifuri, akasema kwamba akiukuta umesogea tena, mizani itakwenda ofisini na haitarudi. Kisha akabaki amesimama, akitazama juu, ingawa soko halina dari. Mama wa kilo alielewa. Alichukua samaki mmoja mdogo, wa saizi ile ile ya kila mtu, akamfunga katika gazeti akampa. Kijana alisita. Watu wote walikuwa wakimtazama, hakuna aliyecheka, naye akampokea akaenda.

Nilirudi kesho yake nikitarajia kukuta meza tupu. Mizani ilikuwa ya kweli sasa. Samaki wa matabishi hakuwa na mahali pa kutokea. Lakini watu walikuwapo, na mshale ulikuwa kwenye sifuri kama serikali ilivyoagiza. Mama alipima kilo kamili. Kila mtu aliona ni kamili. Kisha alinyoosha mkono, akaondoa samaki mmoja mdogo kutoka kwenye sahani, akamrudisha katika beseni, waziwazi, mchana kweupe. Akawatia waliobaki katika mfuko, akapokea fedha ya kilo. Mteja akasimama, mkono umenyooshwa. Mama akaguna, akamchukua samaki yule yule kutoka kwenye beseni, akampa.

"Matabishi yako."

"Aksanti, Mama."

Ilipofika zamu yangu, nilifanya kama mtu wa maabara. Nilimwomba asijisumbue. Anipe kilo yangu moja kwa moja, asiondoe samaki wala asimrudishe, hesabu ni ile ile. Alinitazama kwa huruma. Hapa niwakumbushe wasomaji wa mbali kwamba kwetu Katanga kutosha si kufikia kiasi, kama wanavyosema watu wa mashariki. Kwetu kutosha ni kutoa kitu mahali kilipo, kukiondoa.

"Apana, Papa," alisema. "Kama sitoshe, nitakupatia nini?"

Akaondoa samaki wangu, akapokea fedha yangu, akanipa samaki wangu. Na ninakiri kwamba nilipompokea nilitabasamu, kisha nikasema asante, na asante hiyo ilikuwa ya kweli. Mizani yangu ya kioo isingeweza kuipima. Nilikuwa nimelipia kilo, lakini nilikwenda nyumbani kama mtu aliyekumbukwa. Yule mkaguzi alipita mara nyingi baadaye, akasimama, akatazama mchezo ule hatua kwa hatua, na katika hatua zote hakupata kanuni ya kuizuia hata moja.

Nimeufikiria mchezo huo kuliko nilivyofikiria shaba yote iliyopita mikononi mwangu. Miaka ile ile mishahara yetu ilikuwa ikipungua nguvu bila mtu kuigusa. Noti zilikuwa mpya, zenye rangi nzuri, na kila mwezi zilinunua kidogo zaidi. Halafu, katika sikukuu fulani, tulikusanywa uwanjani, kipaza sauti kikatangaza kwamba wafanyakazi wamekumbukwa, kila mmoja atapata unga wa ziada na kitenge kwa mkewe. Tulicheza. Mimi pia nilicheza, nikiwa na digrii yangu. Tulipewa samaki wetu wenyewe, nasi tukanyoosha mikono na kushukuru. Tofauti ni kwamba hatukuona ni saa ngapi aliondolewa kwenye sahani, wala ni wangapi walioondolewa pamoja naye, na zilikuja sikukuu ambapo kipaza sauti hakikusema kitu.

Watu wenye elimu hupenda kusema kwamba Likasi iliharibiwa na matabishi. Nami nimewahi kulisema hilo katika safu hii. Siku ya kilio, nikiwa nimeketi chini ya lile turubai, nilijisahihisha. Binadamu hakubali kuuziwa tu. Anataka pia kupewa, na huenda hilo halitabadilika hata mizani ikiwa ya namna gani. Ninachodai kwa yeyote anayeshika mizani yetu, awe ofisini au sokoni, ni adabu ya yule mama: ukitaka kutosha, utoshe mbele ya macho yangu, na unirudishie kabla sijafika nyumbani.