Jina la Mama wa Baba

Shamba la baba liko Mamboya, kwenye mteremko chini ya misheni ya zamani, na mama yake kazikwa humo, kona ya juu penye migomba. Mwaka juzi kijiji kilianza kupima mashamba ili watu wapewe hati. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka namba ya kitambulisho cha taifa kabla kamati haijafunga daftari. Asiye na namba, shamba lake lingeandikwa halina mwenyewe, na likishaandikwa hivyo kijiji kina ruhusa ya kumpa mwingine. Kitambulisho cha baba kilikwenda na maji mvua ilipobomoa ukuta wa chumba chake, na ile namba hakuwahi kuinakili popote.

Mimi naishi Mikumi, nawapikia madereva kando ya barabara kuu, na nina mdomo, nakubali. Baba aliponipigia simu kunieleza, nilimfokea kwanza. Shikamoo ilikuja baadaye, nimeshapoa.

"Marahaba, mama," akasema.

Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yake, na mtu hamwiti mama yake kwa jina. Nilikuwa naringa nalo. Nikiwa mdogo nilimtuma baba maji ya kunywa mbele ya wageni, naye alikwenda kuyaleta huku akicheka, eti mama kaagiza. Ndugu zangu waliona gere.

Tukakutana Kilosa mjini. Kwenye ofisi ya vitambulisho wakamwambia aweke kidole kwenye mashine, namba itatokea yenyewe. Baba alikata katani miaka mingi huko bondeni kabla hajarudi mlimani kulima, na vidole vyake vimelainika kama sabuni iliyotumika. Akaweka vyote kumi. Akavifuta kwenye suruali, akaviweka tena. Mashine haikusoma hata kimoja. Yule kijana wa ofisini alikuwa na adabu, sina ugomvi naye. Akasema, "Mzee, njia iliyobaki ni kuitafuta namba mtandaoni kwa majina. Mkiipata, nileteeni niwachapie."

Karibu na soko kuna steshenari ya mama mmoja wa makamo mwenye miwani. Akamwamkia baba, akampa kiti, akafungua ukurasa wa kutafutia. Ukurasa ulitaka majina yake, siku ya kuzaliwa, halafu jina la mama yake. Nikajibu mimi haraka haraka. Jina la bibi si langu? Nikajitaja kwa mbwembwe kabisa.

Taarifa hazijapatikana.

"Labda waliandika kwa herufi nyingine," akasema mwenye steshenari. Tukabadilisha herufi, tukajaribu tena, jibu likawa lile lile. Akatuonya kwamba mfumo unaruhusu mara chache tu kwa siku, kisha unajifunga. Nikamgeukia baba. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Baba, siku ile ulipojiandikisha ulisema mama yako anaitwa nani?"

Akazidi kuinamisha kichwa.

"Baba, shamba linakwenda hilo. Na kaburi linakwenda."

"Nilisema sijui," akajibu.

Nikadhani hajanisikia vizuri. Nikarudia swali kwa sauti, kama anayesema na kiziwi, mpaka wateja wengine wakageuka. Naye akarudia jibu lile lile, polepole, halafu akaeleza kwa sauti ya chini. Mama yake alifariki yeye hajaanza kusema. Alilelewa na mama mdogo, na mama mdogo alimtaja marehemu kwa neno moja tu, dada, kwa kuwa kwetu mkubwa hatajwi jina. Baba akajiambia atauliza akikua. Alipokua akaona haya. Mtu mzima, na huku mlimani ukoo unahesabiwa kwa mama, utaanzaje kuuliza mama yako alikuwa anaitwa nani? Akaahirisha mwaka hadi mwaka. Mama mdogo akafa, na wa rika lake wakafuata.

"Na jina langu?" nikauliza.

"Wewe ulizaliwa kambini, kwenye katani. Wanawake wakaniuliza mama yangu anaitwa nani, mtoto apewe jina. Walikuwa wamekaa wananingoja." Akasugua vidole vyake. "Nikawatajia la muuguzi mmoja aliyenitumbua jipu nikiwa shule ya misheni. Alikuwa mpole."

Nimesema nina mdomo. Siku ile haukufunguka.

Mwenye steshenari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Ndiye aliyeuliza nilichopaswa kuuliza mimi: kama mzee alisema hajui, karani aliandika nini? Baba akasema karani alimwambia mashine haikubali nafasi tupu, akaandika kitu mwenyewe. Hakumuuliza kitu gani. Alifurahi tu kwamba karani hakumcheka. Watu wote aliwadanganya, mimi nikiwemo, ila Serikali aliiogopa, akaiambia kweli. Kweli yenyewe ndiyo iliyotupoteza.

Nikasema basi twende misheni tukatazame kitabu cha ubatizo. Akatikisa kichwa. Alishakitazama zamani, kabla sijazaliwa. Mahali pa jina la mama pameandikwa "marehemu".

"Tujaribu hilo," akasema mwenye steshenari. Akaliandika. Halikukubali. Akaandika jina la mama mdogo, likakataa pia. Akaandika majina ya kike yaliyozoeleka, moja, la pili, kama mtu anayebahatisha, na mfumo ukajifunga, ukatuambia turudi kesho. Tukarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne mwenye steshenari akaniambia taratibu, dada yangu, majina hayaishi.

Nilimpandisha baba kwenye gari la mlimani, nikarudi Mikumi kwenye masufuria yangu. Wiki moja baadaye kamati ilipita shambani. Mwenyekiti wake amekula ugali kwetu tangu mdogo, na mpaka wa shamba lile anaujua kuliko mimi. Aliomba namba mara mbili, baba akasema hana. Akaandika kwenye daftari: mwenyewe hajulikani. Baba alikuwa amesimama mbele yake, amemshikia kofia ili aandike vizuri. Wakapigilia kigingi kando ya migomba, wakaenda shamba la jirani.

Mpaka leo analima pale, hajafukuzwa. Anapanda mahindi tu, hapandi tena mgomba wala mti. Kila Jumapili nampigia simu na kumwamkia vizuri, sifoki. Naingojea ile marahaba yake na lile neno linalofuata. Hilo "mama" haliji. Tangu siku ile ya Kilosa ananiita kwa jina langu, lile la muuguzi, analitamka lote kwa uangalifu, nami naitika.