Nilimwambia Gari Lake Limekufa, Sasa Amemtuma Binti Yake Ngozi

Admin, nifichie jina na kijiji changu, andika tu Ngara. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tatu, fundi wa bodi za magari, nina mke na watoto wanne. Nimekereka kiasi kwamba jana nimemfokea mteja kwa sababu ya nati moja. Naomba msome hadi mwisho ndipo mnitukane.

Miaka ile ya wakimbizi, mwalimu mmoja wa ng'ambo alivuka mpaka na familia yake kwa Landkruza ya zamani, ile fupi. Ilizimikia karibu na kwetu, tukaisukuma hadi kwenye migomba ya baba. Baba na mwalimu walielewana haraka, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao havipishani sana. Siku anahamia kambini alisema, "Mzee, nichungie gari langu. Nikipata amani nitalifuata." Baba akamjibu, "Utalikuta." Waliongea kama watu wanaoachiana ng'ombe.

Mwalimu alirudi kwao, baba akafariki, gari likabaki pale pale. Kuku walitagia kwenye siti. Sakafu ilioza hadi majani yakaota ndani. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, sasa mlitaka nifanye nini? Nikalivuta hadi gereji kwangu.

Lilinichukua miaka saba. Nilikata sakafu yote nikachomelea bati jipya. Injini niliipata kwenye gari lililopinduka njia ya Biharamulo. Paa la nyuma nililiondoa nikaweka mabomba na turubai, nikanyanyua springi, nikabadilisha usukani, nikapaka kijani chini na rangi ya maziwa juu. Mke wangu alikuwa anawaambia watu nina mke mdogo gereji, na hakukosea sana. Siku injini ilipowaka nililia mbele ya wateja, sioni aibu kusema.

Wiki hiyo hiyo, mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka akaniletea salamu: mwalimu yu hai, anauliza kama gari lake bado lipo. Wiki hiyo hiyo! Lilipokuwa banda la kuku alikaa kimya, limepona ndiyo anakumbuka? Nilipandwa na hasira. Nikajibu, "Mwambie lilikufa zamani." Kisha nikaendelea kung'arisha boneti, nikijua yameisha.

Alhamisi ya wiki iliyopita akaja mama mmoja wa miaka kama thelathini na mitano, kabeba kikapu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, karibu."

Akajitambulisha kuwa ni binti wa mwalimu. Alivuka mpaka akiwa mchanga, kapakatwa na mama yake, gari halikumbuki kabisa. Mke wangu akamletea kiti, akashukuru, akasema amekaa sana njiani, akaegemea gari. Gari lenyewe!

"Baba anawashukuru kwa kulichunga mpaka lilipokufa," akasema. "Macho yake hayaoni tena vizuri. Amenituma ngozi."

Kwa msiotoka huku: ukimwachia mtu ng'ombe akuchungie, na ng'ombe akafa, mchungaji hukuletea ngozi yake. Ndiyo inayoonyesha kwamba hakumuuza mnyama wako. Kwao ni vilevile.

"Ngozi ya gari?" nikauliza kama mjinga.

"Hata usukani, kaka, au kibao cha namba. Akikishika tu ataridhika."

Kwenye kikapu kulikuwa na kitenge cha kumpa mama yangu na maharage ya mbegu, shukrani ya mwalimu. Halafu akapapasa mlango, akasema, "Gari lako zuri. Baba angelipenda." Akamwomba mke wangu ampige picha nalo! Nikamwambia arudi Jumapili ya wiki inayofuata, nitatafuta stoo.

Alipoondoka, mama yangu, ambaye ana zaidi ya miaka themanini na alikuwa amekaa barazani akisikia yote, akaniuliza, "Ng'ombe wa watu umesema amekufa?"

"Mama, alikufa kweli. Mimi ndiye niliyemfufua!"

"Basi mwambie mwenyewe kwamba amefufuka."

Tangu siku hiyo hanisemeshi, na kitenge hajakigusa.

Mke wangu anasema nitoe usukani wa zamani mambo yaishe. Ninao, na kibao cha namba ninacho, vimo stoo. Lakini kila nikiuchukua niufunge kwenye gunia, naurudisha chini. Halafu nakasirika upya. Mwalimu aliacha kutu, jamani! Yale majasho ni ya nani? Nikisema ukweli na akalitaka, miaka saba yangu inavuka mpaka na mimi nabaki na turubai. Nikinyamaza, mzee asiyeona atakufa ameshika usukani akimwombea heri mtu aliyemdanganya, na ahadi ya marehemu baba nitakuwa nimeivunja mimi.

Jumapili ni keshokutwa. Nishaurini, ndugu zangu, mimi akili imegota. Nimpe ngozi au nimpe ufunguo? Na kama ni ufunguo, naanzaje kumwambia mtu aliyenishukuru huku ameegemea ng'ombe wa baba yake?