Kofia Juu ya Kigango

Sitakuapia, maana wanaoapa sana ndio waongo. Nakueleza tu yaliyonipata, mchana kweupe, hapa hapa Wheaton, huku ughaibuni, nikiwa na sare yangu ya kazi na akili zangu timamu.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja Mzungu wa miaka tisini, muungwana hasa, hali kifungua kinywa bila tai. Ujana wake wote uliishia safarini, jangwani na misituni, akikusanya vitu vya kale. Nyumba ilijaa vinyago, ngao na vyungu, kila kimoja na hadithi yake, na zote alinisimulia mara tatu tatu. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini katika chumba cha vitabu, karibu na dirisha, alisimamisha kigango. Na juu yake alitundika kofia.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Kigango ni nguzo inayochongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, ikasimamishwa kwenye boma lake, na haing'olewi. Hata sisi wa kanisani tunalijua hilo. Basi niliiondoa ile kofia, na kila nikinywa chai nikawa namwaga tone chini ya kigango, kwa heshima tu. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, ukimpa marehemu kinywaji umejitia kuwa mtu wake.

Alasiri moja ya theluji, mzee amelala, niliingia na kikombe changu. Kando ya kigango ameketi babu mweusi, kifua wazi, miguu peku, na zulia halina hata tone la maji. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Angekuwa mwizi, si ningepiga simu? Lakini alinisalimu kwa Kigiriama, na mimi, mjinga, nikaitikia.

"Mwanangu, nina baridi," akasema. "Nipeleke nyumbani."

"Baba, mimi hapa ni mfanyakazi tu."

"Wewe ndiye uliyeninywesha."

Kikombe kikaniponyoka. Nilipoinua macho, hayupo. Niliogopa, naam, nililia jikoni. Kisha nikajipangusa, nikamwendea mzee wangu, nikamwambia kigango kirudi kwao.

"Nilikinunua kihalali," akasema.

"Aliyekuuzia hakuwa mwenyewe."

Dada yangu alinifokea kwenye simu: "We, wachana na hizo! Huyo mzee akikureport kwa agency iliyokuajiri, umeenda na maji." Sikusikia la mtu. Nilimwambia mzee kila siku, nikimfunga tai, nikimpa dawa, wiki baada ya wiki. Asubuhi moja nilimkuta anatetemeka chini ya mablanketi matatu.

"Yule mtu wa dirishani," akaninong'oneza, "anauliza kwa nini nilimleta kwenye baridi."

Akaandika barua kwa mkono wake kwamba nikichukue nikirudishe, akatia sahihi.

Sasa kiko sebuleni kwangu, kimefungwa leso. Mzee wangu alishafariki, na hakukumbuka kilitoka boma gani. Kila Jumapili napiga simu Kaloleni, nauliza ukoo kwa ukoo ni nani aliyeibiwa babu. Nitawapata, uniamini. Kwa sasa babu huketi kwenye kochi langu, na binti yangu mdogo, ambaye sijamwambia neno, humfunika blanketi kabla ya kwenda shule.

Nawe unayefanya kazi kwenye majumba ya watu, ukikuta kigango, pita kimya. Ukishamsalimu mwenyewe, ni lazima umfikishe kwao.